Tak ya Pili

Mama mdogo hutembea kama mtu aliyebeba ndoo hata mikono yake ikiwa mitupu. Bega lake la kushoto limeshuka, upande alioning'iniza mfuko wa vifaa tangu ujana, na akifika chini ya ngazi husimama kwanza akazitazama, kama mtu anayetazama deni, kisha huvuta pumzi na kuanza kupanda. Jengo letu ni la ghorofa, ngazi zake za saruji zimelika katikati, na lifti haipo. Yeye ndiye fundi wa umeme wa jengo zima. Taa ya ukumbini ikizimika wanamwita yeye, soketi ikinuka moshi wanamwita yeye, na maji yasipopanda wanamwita kabla hawajanawa uso. Chumba tunachokaa, kile cha chini ya ngazi, kinakwenda pamoja na kazi. Kazi ikiisha, chumba nacho kimeisha.

Nakaa naye kwa sababu shule iko karibu. Mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa, alinileta na godoro na begi la vitabu, akamwonya kwamba huyu mtoto haishiwi maswali. Haikupita wiki Mamdogo akanipa jina. Ananiita Mbona. Mbona, lete chumvi. Mbona, zima jiko. Nami nilipomuuliza mbona ananiita Mbona, alicheka hadi akakaa chini, na sikumwona tena akicheka vile kwa muda mrefu, maana kwa kawaida hurudi kazini akiwa hana hata nguvu ya kuvua viatu. Hulala navyo kidogo, miguu ikining'inia nje ya kitanda, ndipo anavivua.

Yeye naye ana jina lake. Wapangaji humwita Fundi Tak.

Jina hilo limetoka kwenye chumba cha pampu, ambacho kimepakana na chetu na kina mlango wa bati. Ndani mna pampu inayosukuma maji hadi kwenye tangi lililo juu ya paa, na ukutani kuna sanduku la umeme linaloiendesha. Ukimwita Mamdogo kwa tatizo lolote la pampu, hagusi kitu. Anainua kidole, anamwambia kila mtu anyamaze, kisha anasubiri. Anasubiri tak.

Tak ni sauti ya rilei, kidude kilichomo ndani ya sanduku hilo. Mara ya kwanza kuiona nilidhani ni kiberiti cha plastiki angavu. Ukichungulia ndani unaona waya mwembamba kama unywele, umezungushwa mara nyingi sana kwenye kipande cha chuma, na juu yake bamba dogo lililoshikwa na springi. Huo waya ukipata umeme kidogo, chuma kinageuka sumaku. Sumaku inalivuta bamba, bamba linagusanisha ncha mbili, tak, na kwenye hizo ncha ndipo unapopita umeme mkubwa wa kuzungusha pampu.

Nilimuuliza mbona wasiweke swichi ya kawaida, mambo yakaisha. Alikuwa amelala chali, mkono juu ya macho, nami nikadhani hatanijibu.

"Nani atakaa kwenye paa awe anaiwasha na kuizima?" akasema.

Akanieleza bila kuondoa mkono machoni. Kule kwenye tangi kuna boya linaloelea. Maji yakipungua boya linashuka na kuunganisha umeme mdogo, ule ambao hata mtoto mwenye mikono iliyolowa hautamdhuru. Umeme huo unashuka kwa waya mwembamba hadi kwenye rilei. Kwa hiyo kule juu, kwenye maji, hakuna umeme wa kuua mtu. Umeme mkali unabaki huku chini ndani ya sanduku. Njia ni mbili na hazigusani hata siku moja. Ya kwanza inatoa amri, ya pili inafanya kazi.

"Ni kama mzee mgonjwa na mlinzi wake wa geti," akasema. "Mzee yuko kitandani, sauti yenyewe haitoki. Ananong'ona tu, fungua. Mlinzi ana misuli, analivuta geti la chuma, malori yanapita. Mzee hajawahi kuligusa hilo geti."

"Na mzee akinyamaza?"

"Springi inalirudisha. Tak ya pili hiyo."

"Na geti likikwama wazi?"

Hapo aliondoa mkono machoni akanitazama.

"Basi mzee amenyamaza," akasema, "na malori bado yanapita. Ndiyo maana nasikiliza ya pili. Ya kwanza hata mjinga anaisikia."

Zile ncha, alinieleza siku nyingine, kila zinapogusana na kuachana hutoa cheche ndogo. Pampu inapoanza kuzunguka hunywa umeme mwingi kwa kishindo, kuliko inapokuwa imeshika mwendo, kwa hiyo cheche hiyo si mchezo. Polepole ncha zinaungua, zinapata vidonda, na ipo siku zinayeyuka kidogo na kuganda pamoja. Lakini kabla hazijaganda, rilei hupiga kelele kwa mwenye masikio. Tak inakuwa nzito, inakuwa kama mtu mwenye kikohozi. Mamdogo alikuwa akiisikia ikikohoa akiwa anapika, huku ukuta ukiwa katikati, na kesho yake anaibadilisha. Miaka yote hiyo hakuna rilei iliyowahi kumgandia.

Kwenye kazi hiyo alikuwa na mwenzake, fundi bomba aliyeitwa Mrefu. Mrefu ni mfupi. Nikisimama naye namwona utosi, na utosi wenyewe umeanza kupata upara. Yeye hushika maji, Mamdogo hushika umeme, na wamefanya kazi pamoja kiasi cha kuacha kuzungumza. Walikuwa na maneno yao mawili. Mamdogo akizima ile swichi ndogo ya amri, ile inayomnyamazisha mzee wa kitandani, alisema, "Imelala." Akienda hadi mlangoni kushusha swichi kuu, ile kubwa yenye mkono, akaja kupima na testa, alisema, "Imekufa." Kitu kilicholala unaweza kukitazama. Mikono inaingia kwenye kitu kilichokufa tu. Ndivyo walivyoanza.

Lakini swichi kuu iko mbali, nyuma ya mabomba, na ni ngumu. Mtu mwenye bega bovu anaishusha kwa mikono miwili huku akiguna. Ukiishusha, taa za ngazi nazo zinazimika na wapangaji wanaanza kuita. Halafu masikio ya Mamdogo hayakuwahi kukosea. Alisema imelala, na kweli ilikuwa imelala fofofo. Basi kidogo kidogo, bila kukubaliana, Mrefu akawa anaingiza mikono kwa neno la kwanza. La pili likabaki kama sahani za wageni, lipo lakini halitumiki.

Sijui ni lini masikio yake yalianza kwenda. Mimi niliona vitu vidogo. Nikimwomba kisu ananipa kijiko. Redio alikuwa akiisikiliza ikiwa imebandikwa shavuni. Birika likipiga mluzi anaendelea kukata vitunguu mpaka maji yamwagike kwenye moto, ndipo anashtuka kwa harufu. Mpangaji wa ghorofa ya juu, mama mmoja mwenye mdomo ambaye anapenda kusema maji ya kwetu huja kwa barua, alipofanya utani ngazini, Mamdogo alitutazama usoni kwanza, akaona tunacheka, ndipo naye akacheka. Alichelewa kidogo tu. Kicheko chake kilibaki peke yake sisi tumeshamaliza.

Nilimwambia kwamba shuleni alikuja mtu wa kupima masikio. Akaniambia nyie mna bahati. Nikamwambia hata watu wazima hupimwa. Akasema amechoka, tutaongea kesho, na kesho yake alikuwa amechoka zaidi.

Siku yenyewe niliporudi shuleni nilikuta ukuta wa upande wa barabara umelowa kuanzia paa hadi chini. Tangi lilikuwa limefurika. Wapangaji walikuwa kwenye madirisha na ndoo zao, wengine wakikinga, wengine wakilalamika, na yule mama wa juu alisema leo barua zimekuja zote kwa pamoja. Mlango wa bati ulikuwa wazi. Ndani, pampu ilikuwa imenyamaza, na mota yake ilitoa joto ulilolihisi ukiwa mlangoni.

Mamdogo na Mrefu walikuwa ndio kwanza wamefika. Mrefu alishika mota kwa kitambaa akauondoa mkono haraka. Akasema inaunguza kama pasi. Kwa mawazo yake pampu ilikuwa imekwama, mchanga umeingia, kwa hiyo afungue kifuniko cha nyuma azungushe feni yake kwa spana mpaka ilegee. Ni jambo alilolifanya mara nyingi. Mamdogo alitikisa kichwa kukubali. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa ametoka kubadilisha nyaya za jikoni kwa watu wa ghorofa ya tatu, kapanda na kushuka tangu asubuhi. Alifungua sanduku, akazima swichi ndogo ya amri, akainua kidole kama kawaida yake.

Nilinyamaza nami. Nilisubiri tak. Siku zote niliipenda sauti hiyo, safi, kama mtu anayevunja kijiti kikavu.

Haikuja.

"Imelala," akasema Mamdogo.

Mrefu akapiga goti, akatoa kifuniko, akaingiza spana kwenye mhimili wa feni.

"Mbona haijarudi?" nikauliza.

Mamdogo alikuwa amenipa mgongo, hakugeuka. Mrefu ndiye aliyegeuka. Baadaye aliniambia kwamba hakuona hatari yoyote, alidhani ni mbona zangu za kila siku, na aligeuka ili anitanie. Mkono wake ulilegea kwenye spana. Hapo hapo pampu ikawaka.

Spana ilipotea mkononi mwake. Niliisikia ukutani kabla sijajua imekwenda wapi, na plasta ikaanguka. Feni ilikuwa inazunguka wazi, haina kifuniko, na Mrefu alikuwa amekaa kwenye maji, amelishika dole gumba la mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, damu ikitoka katikati ya vidole. Alilitazama dole lake kama kitu alichokiokota.

Mamdogo alikwenda nyuma ya mabomba akaishusha swichi kuu kwa uzito wake wote. Taa za ngazi zikazimika, na juu watu wakaanza kuita.

Mambo yalikuwa hivi, nasi tuliyaelewa baada ya kuifungua ile rilei. Ncha zilikuwa zimegandana. Boya lilipopanda, mzee alinyamaza, lakini geti lilibaki wazi, kwa hiyo pampu iliendelea kusukuma hadi tangi likafurika. Ilisukuma mpaka mota ikapata joto kupita kiasi. Ndani ya mota kuna kitu kidogo kinachokata umeme ikichemka na kuurudisha ikipoa. Hicho ndicho kilichoisimamisha. Wapangaji wakafungua mabomba, tangi likapungua, boya likashuka na mzee akaanza tena kunong'ona, ndiyo maana tak ya pili ilipaswa kuja swichi ilipozimwa. Haikuwa imekwama, wala haikuwa imelala. Ilikuwa inapumzika, na ilipopoa ikaendelea na kazi, spana ya Mrefu ikiwa ndani.

Nilileta maji safi na kitambaa. Ukucha ulikuwa umeng'oka na nyama imechanika, lakini mfupa ulikuwa mzima. Alilikunja dole na kulikunjua kutuonyesha. Kama ile spana angekuwa ameikaza kwa nguvu zake zote, kama anavyofanya siku zote, vidole vingezungushwa nayo. Mamdogo alimfunga. Akamaliza, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Fundi," akasema Mrefu, "ulisikia ya pili?"

Mamdogo alikuwa anamtazama midomo. Hapo ndipo na yeye Mrefu alipoona anatazamwa midomo.

"Nilidhani nimesikia," akasema Mamdogo. "Huwa inakuja pale, kwa hiyo nikaisikia. Siku hizi nyingi nazisikia hivyo."

"Tangu lini?"

"Tangu kitambo."

Mrefu hakumgombeza. Ningefurahi kama angemgombeza. Alisema tu kwa uchovu kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na Mamdogo akajibu kwamba la kwake hata dawa halijapelekewa. Wakakaa. Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye mfereji wa sakafu.

Kisha msimamizi wa jengo akaja, mtu anayevaa viatu vyeupe hata kwenye matope, akitembea kwa kuchagua pa kukanyaga. Aliuliza ukuta umelowaje na taa zimezimwa na nani. Akaona damu, akauliza na hii je.

"Nimeteleza," akasema Mrefu mara moja. "Sakafu ya maji hii."

Alisema akiwa amemtazama msimamizi, na kwa sauti ndogo. Nilijua Mamdogo hakulisikia neno lenyewe. Lakini alijua ni uongo, kwa sababu Mrefu akidanganya hushika sikio lake, hata kama kidole kimefungwa. Nilimtazama Mamdogo, nikakiwaza chumba chetu, godoro langu, sufuria zetu mbili juu ya rafu. Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angemlaumu. Hata mimi nilitaka anyamaze.

Alisimama, akashika bega lake bovu.

"Hakuteleza," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia imelala nayo iko macho. Masikio yangu hayafanyi kazi vizuri, bosi. Usinong'one, sema kwa sauti."

Msimamizi akauliza, kwa sauti kubwa mno, kama watu wanavyowasemesha viziwi, kama basi atafute fundi mwingine.

"Tafuta," akasema Mamdogo. "Lakini na huyo usimwache asikilize. Mwambie apime. Mimi masikio yangu yalikuwa mazuri sana, ndiyo yaliyotufikisha hapa."

Msimamizi alitazama ukuta, akatazama viatu vyake. Juu, yule mama mwenye mdomo alikuwa anauliza kama ale gizani. Mwishoni msimamizi alisema kwamba fundi wa kuitika kila soketi inapopiga chafya hajui atampata wapi. Akasema Mamdogo aendelee, lakini sanduku la pampu lisifunguliwe na mtu mmoja tena, wawe wawili na kila mmoja apime kwa mkono wake, na aende akatazamwe masikio, na yeye atakuja kuangalia. Akaondoka akichagua pa kukanyaga. Haikuwa huruma, nadhani. Naye alikuwa amechoka tu.

Mamdogo alikwenda kupimwa. Waliompima walimwambia kilichokwenda hakirudi, kilichobaki kinaweza kusaidiwa, na wamempangia siku ya kurudi. Hajasema zaidi, nami safari hii sijauliza.

Rilei mpya aliichagua kwa macho, akiisogeza kwenye mwanga na kusoma maandishi yake madogo: umeme gani unaoamsha waya wake, na ncha zake zinabeba mzigo kiasi gani. Aliikataa ya kwanza. Ilifanana na ile ya zamani kwa umbo, hata mimi ningeichukua, lakini ncha zake zilikuwa za mzigo mwepesi, na akasema hiyo ingeganda kabla ya wiki. Aliyoichukua ilikuwa ya kubeba zaidi ya ule mkupuo wa pampu inapoanza. Halafu akaweka taa ndogo nyekundu kwenye njia ya umeme mkubwa, baada ya ncha. Ikiwaka, malori yanapita, hata kama mzee amenyamaza. Nilimuuliza na balbu yake ikiungua je. Akasema ndiyo maana taa ni ya kukutisha, si ya kukuhakikishia. Taa ikiwaka, iamini. Ikizimika, bado hujui kitu.

Jana Mrefu alikuja kubadilisha mpira wa pampu unaovuja. Dole lake limepona vibaya. Ukucha unaota umepinda, anauita ukucha wa fundi Tak. Nilikuwa mlangoni na kitabu cha hesabu. Mamdogo alizima swichi ya amri. Taa nyekundu ikazimika, na tak ya pili ikaja safi kabisa. Niliisikia. Yeye hakuinua kidole.

"Imelala," akasema, na Mrefu hakusogea.

Alipita nyuma ya mabomba, polepole, akaning'inia kwenye mkono wa swichi kuu hadi ukashuka, akautia kufuli, ufunguo akauweka mfukoni. Juu wakaanza kuita. Alichukua testa akaijaribu kwenye soketi ya chumbani kwetu, ambayo ina njia yake yenyewe na ilikuwa na umeme, ajue testa haidanganyi. Akaipeleka kwenye nyaya za pampu, waya kwa waya. Akairudisha tena kwenye soketi, isije ikawa imekufa njiani. Kisha akampa Mrefu, naye akafanya vilevile, tangu mwanzo. Ilichukua muda. Yule mama wa juu alisema kwa nguvu kwamba siku hizi hata kuzima tu kuna foleni.

Mamdogo alifuta jasho kwa kiwiko.

"Imekufa," akasema.

Mrefu alikuwa amepiga goti, spana mkononi, amemwelekezea Mamdogo uso ili aweze kumsoma midomo.

"Sikusikia, fundi," akasema, akijishika sikio.

Mamdogo akautazama ule mkono ulioshika sikio. Akaichukua testa, akarudi nayo kwenye soketi, akaanza upya.